Ukisikia, Sema: Namna ya Kuikabili Chuki Dhidi ya Wayahudi Katika Maisha ya Kila Siku

Mfanyakazi mmoja anakataa kuchangia zawadi ya mwenzao anayestaafu, na aliyeketi karibu naye anamcheka kwa kumwita Myahudi. Mchana wa siku hiyohiyo unaingia ujumbe mrefu katika kundi la WhatsApp la familia, ukidai kwamba benki zote za dunia ni mali ya ukoo mmoja wa Kiyahudi na kwamba vita vyote hupangwa na ukoo huo. Jioni, mhubiri anawaeleza waumini wake kwamba yote yaliyowapata Wayahudi ni adhabu waliyojitakia wenyewe. Hakuna aliyepigwa siku hiyo wala dirisha lililovunjwa, na yawezekana miongoni mwa waliosikia maneno hayo hakuna hata mmoja aliyewahi kuzungumza na Myahudi ana kwa ana.

Mwongozo huu unahusu nyakati kama hizo. Umeandikwa kwa ajili ya mtu asiye na cheo, asiye mwanahistoria na asiye na hamu ya kugombana na watu, ambaye hata hivyo hapendi kuyaacha maneno ya namna hiyo yapite kana kwamba hayakusemwa. Jambo moja litarudi mara kwa mara humu, nalo ni kwamba unapopinga neno la chuki, unazungumza zaidi na wanaosikiliza kuliko na yule aliyelitamka. Yeye huenda asibadilike leo wala kesho. Pembeni yake, hata hivyo, wapo ambao bado hawajaamua, wanaoangalia nyuso za wenzao ili wajue kama neno lile linakubalika mahali pale au la, na wakiona kila mtu amenyamaza watachukulia kwamba linakubalika.

Ujue uongo kabla haujakufikia

Chuki hii ina sifa moja inayotupunguzia kazi: haina ubunifu. Madai yake makuu hayazidi matano au sita, na mengi yake yana umri wa karne kadhaa. Mtu akishayajua, atayatambua hata yakija yamevaa nguo mpya.

Dai la kwanza ni la sumu. Tauni iliposambaa Ulaya mwaka 1348 na 1349, ulienea uvumi kwamba Wayahudi walikuwa wametia sumu visimani. Katika mji wa Strasbourg, Wayahudi kwa mamia walichomwa moto tarehe 14 Februari 1349, kabla hata tauni yenyewe haijafika mjini humo. Papa Clement VI alikuwa amekwisha kuandika mwaka uliotangulia kwamba shutuma hiyo haina maana, kwa kuwa ugonjwa uliwaua Wayahudi kama ulivyowaua wengine, na uliua watu hata mahali ambapo hapakuwa na Myahudi. Hoja yake haijahitaji kuboreshwa tangu wakati huo. Virusi vya korona vilipotokea, uvumi uleule ulirudi, safari hii kupitia simu.

Dai la pili ni la damu, yaani kwamba Wayahudi huua watoto wa watu wengine kwa ajili ya ibada. Lilianzia Norwich, Uingereza, ambako mwili wa mvulana mmoja uliokotwa mwaka 1144 na baadaye mtawa mmoja akatunga kisa cha kuwasingizia Wayahudi wa mji huo. Karibu miaka mia nane baadaye, mwaka 1911, mfanyakazi wa kiwanda cha matofali mjini Kyiv aliyeitwa Mendel Beilis alikamatwa kwa tuhuma ya namna hiyohiyo, akakaa gerezani zaidi ya miaka miwili, na mwaka 1913 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Inafaa kukumbuka kwamba sheria ya Kiyahudi inakataza kula damu hata ya mnyama, na ndiyo sababu nyama huloweshwa na kutiwa chumvi kabla ya kupikwa. Ukiona leo ujumbe unaosema kwamba kundi fulani la siri hunywa damu ya watoto, ujue kisa ni kilekile na ni majina tu yaliyobadilishwa.

Dai la pesa ndilo linalosikika zaidi, kwa hiyo linastahili maelezo marefu kidogo. Katika sehemu kubwa ya Ulaya ya zama za kati Wayahudi walizuiwa kumiliki ardhi, na vyama vya mafundi viliwafungia mlango. Kanisa, kwa upande wake, lilikataza Wakristo kukopeshana kwa riba. Wafalme walihitaji mikopo, na baadhi ya Wayahudi, waliobakiwa na kazi chache za kuchagua, walisukumwa kwenye kazi hiyo iliyochukiwa na watu. Kisha wafalme hao hao waliwatoza kodi nzito, na walipokwisha kuwakamua wakawafukuza: Uingereza mwaka 1290, Ufaransa mwaka 1306 na tena mwaka 1394. Wakati wote huo Wayahudi walio wengi walikuwa maskini, wachuuzi, mafundi cherehani na wapagazi. Kwa hiyo anayesema kwamba Wayahudi wana pesa kwa asili yao anachukua matokeo ya dhuluma na kuyaita tabia ya kuzaliwa.

Hapa niongeze neno kuhusu sifa. Wako watu wema kabisa wanaosema kwamba Wayahudi wote wana akili za ajabu, au kwamba wao ndio wanaojua biashara, na wakikosolewa hushangaa kwa kuwa walidhani wanasifu. Mimi huona sifa za jumla kama hizo ni upande wa pili wa sarafu ileile, kwa sababu anayeamini kwamba watu fulani wana uwezo usio wa kawaida hahitaji hatua nyingi kufika kwenye imani kwamba wanautumia uwezo huo kwa siri dhidi yake.

Imani hiyo ndiyo dai la njama. Mwaka 1903 gazeti moja la Urusi lilichapa maandishi yaliyodaiwa kuwa kumbukumbu za mikutano ya siri ya viongozi wa Kiyahudi waliokuwa wakipanga kuitawala dunia, na maandishi hayo yakajulikana kama Protokali za Wazee wa Sayuni. Mnamo Agosti 1921 gazeti la The Times la London liliweka kurasa zake sambamba na za kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1864 kilichomkejeli mtawala Napoleon III, kitabu ambacho hakikuwataja Wayahudi hata mara moja, na ikawa dhahiri kwamba mtungaji alikuwa ameiba aya baada ya aya. Uongo ulifichuliwa wazi kiasi hicho, tena zamani kiasi hicho, lakini haukufa. Henry Ford, tajiri wa magari wa Marekani, aliueneza kupitia gazeti lake hadi alipoomba radhi hadharani mwaka 1927, Wanazi, yaani chama cha Hitler nchini Ujerumani, waliutumia katika propaganda zao, na mpaka leo maandishi hayo yanauzwa na kusambazwa kana kwamba ni ya kweli.

Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Inafaa sana kumtahadharisha mtu anayepuuza dalili, ila katika jambo hili imegeuzwa kuwa ngao ya wazushi. Ukiambiwa kwamba pasipo moto hapana moshi, una haki ya kujibu kwamba moshi huu umekuwapo kwa zaidi ya miaka 120, kwamba aliyeuwasha anajulikana, na kwamba moto haujaonekana. Tena takwimu zenyewe zinacheka: Wayahudi duniani kote ni takriban wawili tu katika kila watu 1,000.

Lipo pia dai la kukana Maangamizi ya Wayahudi, yajulikanayo kwa jina la Holokosti, ambamo Wanazi na washirika wao waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6 kati ya mwaka 1941 na 1945, yaani takriban wawili katika kila Wayahudi watatu wa Ulaya. Anayekana kwa kawaida hasemi kwamba hakuna aliyekufa. Huuliza kwa upole kama idadi haikutiwa chumvi, au hujifanya anatafuta tu ukweli. Usiingie katika mabishano ya hesabu naye. Inatosha kusema kwamba ushahidi umetoka kwa wauaji wenyewe, katika nyaraka zao, picha zao na maungamo yao mahakamani, na kwamba mwaka 2000 mahakama moja mjini London ilipima kwa miezi kadhaa madai ya mwandishi David Irving, ikahitimisha kwamba alikuwa amepotosha kwa makusudi ushahidi wa kihistoria.

Wakati wa kufungua kinywa

Sasa turudi kwa yule aliyemwita mwenzake Myahudi kwa sababu ya ubahili. Una sekunde chache tu, na katika sekunde hizo akili hukimbilia visingizio: ni utani, si mahali pangu, nitaonekana mjuaji. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni swali. Muulize kwa sauti ya kawaida, "Sijaelewa, kwa nini umemwita Myahudi?" Kisha nyamaza, umwache aeleze. Mzaha wa namna hii huishi kwa sababu wote wanajifanya wameuelewa bila kuusema, na mwenye mzaha akilazimika kutamka waziwazi kwamba kwake Myahudi maana yake ni bahili, ladha yake huisha mdomoni mwake mwenyewe. Wengi hujirudi hapohapo na kusema walikuwa wanatania. Unaweza kumjibu, "Najua ulikuwa unatania, lakini hayo ni matusi kwa watu ambao hawajakukosea," na mkaendelea na kazi.

Ukikosa swali, tumia sentensi fupi inayokuhusu wewe mwenyewe: "Mimi sikubaliani na hilo." Haihitaji ushahidi wala haimpi mtu nafasi ya kubishana nawe kuhusu tarehe na majina, ilhali inawaambia wote waliopo kwamba kauli ile haikupita bila kupingwa. Watu wengi huogopa kusema kwa kuwa wanadhani ni lazima washinde mdahalo. Si lazima. Unachotakiwa kufanya ni kuuvunja umoja wa kimya, na mara nyingi mtu mmoja akishauvunja, wa pili na wa tatu hujitokeza.

Jitahidi kulikosoa neno na kumwacha mtu. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mwenzako kwamba alichosema kinawadhalilisha watu na kumwambia kwamba yeye ni mbaguzi, kwa maana aliyeitwa mbaguzi ataacha kufikiria alichosema na ataanza kuitetea heshima yake. Zaidi ya hayo, wengi wanaorudia maneno haya hawakuyafikiri hata kidogo. Waliyarithi, kama mtu anavyorithi wimbo asioujua maana.

Kwa wakubwa wetu mambo huhitaji adabu zaidi, ingawa adabu haina maana ya kunyamaza. Mjomba akisema mbele ya wajukuu kwamba Hitler alikuwa na sababu zake, kumpinga kwa ukali mbele ya watoto kutamfanya akaze msimamo, na kunyamaza kabisa kutawafanya watoto waamini. Waweza kusema papo hapo, kwa upole, "Mjomba, hapo samahani, mimi naona tofauti, wale waliouawa walikuwa watu kama sisi, na zaidi ya milioni moja walikuwa watoto." Kisha, mkiwa wawili, mfuate na umwulize alilisikia wapi jambo lile. Nimeona swali hilo la mwisho likifanya kazi kuliko hotuba yoyote, kwa sababu linampa mzee nafasi ya kuuweka mzigo kwa mtu mwingine bila kuaibika.

Ikiwa kuna Myahudi miongoni mwenu, usimgeukie kumtazama, wala usimuulize mbele ya watu kama ameumia. Huko ni kumfanya shahidi na mwalimu wakati ambapo yeye ndiye aliyejeruhiwa. Sema lako kwanza, na baadaye, faraghani, umwambie kwamba ulisikia, na umuulize angependa nini kifanyike. Pengine atataka mlalamike pamoja, au ataomba jambo liishe hapo, na uamuzi huo ni wake.

Kuna wakati wa kutosema kitu. Anayefoka barabarani akiwa amelewa, mwenye silaha au mwenye genge nyuma yake, hafai kujibiwa. Hapo nenda kwa anayeshambuliwa, simama naye, zungumza naye juu ya jambo lolote lile kana kwamba mnafahamiana, mwondoe mahali pale, na uite msaada. Ukiweza kurekodi ukiwa mbali na bila kujihatarisha, rekodi, lakini video hiyo usiirushe mtandaoni kabla ya kumuuliza aliyeshambuliwa.

Simu mkononi

Mtandaoni chuki ina lugha ya mafumbo, kwa kuwa inawakimbia wasimamizi wa majukwaa. Jina la mtu likizungushiwa mabano matatu kila upande, maana yake ni kwamba mwandishi anamtangaza mtu huyo kuwa Myahudi ili ashambuliwe. Namba 88 hutumika kwa salamu ya "Heil Hitler", kwa kuwa herufi H ni ya nane katika alfabeti. Pweza aliyeikumbatia dunia kwa minyiri yake ni picha iliyopendwa na wachoraji wa Kinazi na bado inazunguka. Jina la ukoo wa Rothschild, uliojitajirisha kwa benki katika karne ya kumi na tisa, hutajwa na watu ambao hawawezi kukuambia mwanafamilia mmoja aliye hai leo anafanya kazi gani. Si kila anayetumia alama hizi anajua anachokifanya, na mara nyingine kumweleza tu kwa ujumbe wa faragha kunatosha.

Ujumbe wa uzushi ukiingia katika kundi, jambo la kwanza ni kutousambaza, hata kwa nia ya kuushangaa au kuukosoa. Jambo la pili ni kujibu ndani ya kundi lilelile, kwa ufupi, bila kuurudia uongo wote. Andika kile kilicho kweli kwanza, kisha utaje kwamba ujumbe unasema vinginevyo. Mfano wa kufaa ni huu: "Wayahudi wengi walifariki katika mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, na majina yao yamo kwenye orodha ya marehemu. Ujumbe huu unaodai kwamba walikuwa wameonywa si wa kweli." Mistari miwili ya namna hiyo inasomwa, lakini kurasa tano hazisomwi. Ukijibiwa kwa matusi, usijibu mara ya tatu, kwani waliokuwa wakisoma kimya wamekwisha kusoma.

Kabla ya kuripoti chapisho kwa wasimamizi wa jukwaa, piga picha ya skrini yenye tarehe na jina la akaunti, maana chapisho likifutwa na ushahidi hupotea nalo. Na ukiona mtu fulani anaandamwa na makumi ya akaunti, mwandikie yeye maneno ya kumtia moyo badala ya kutumia jioni nzima kuwajibu wanaomwandama.

Wako watakaosema kwamba huku ni kukuza mambo. Mtu aliyewaua watu 11 katika sinagogi la Pittsburgh, Marekani, tarehe 27 Oktoba 2018 alikuwa ameandika mtandaoni, dakika chache kabla, kwamba shirika la Kiyahudi lililosaidia wakimbizi lilikuwa likiwaleta wavamizi nchini. Mshambuliaji wa Halle, Ujerumani, ambaye tarehe 9 Oktoba 2019 alishindwa kuuvunja mlango wa sinagogi na akawaua watu wawili nje, aliirusha video yake moja kwa moja mtandaoni huku akirudia madai yaleyale ya njama. Wote wawili hawakuyatunga madai hayo, waliyakuta yameenea.

Mahali panapowatatiza wengi

Mazungumzo kuhusu Israel na Wapalestina ndipo watu wengi wenye nia njema huteleza, wengine kwa kuona chuki kila mahali na wengine kwa kutoiona popote. Kuikosoa serikali ya Israel, sera zake, vita vyake au makazi inayoyajenga katika maeneo ya Wapalestina si chuki dhidi ya Wayahudi, kama ambavyo kuikosoa serikali nyingine yoyote si kuwachukia raia wake. Wayahudi wenyewe huikosoa, tena kwa ukali. Kuwalilia Wapalestina waliouawa na kudai haki zao ni jambo la utu, na asitokee mtu wa kukuambia kwamba kupinga chuki kunakutaka uyafumbie macho mateso yao.

Mstari huvukwa pale ambapo Myahudi yeyote anageuzwa kuwa mdaiwa wa yote. Duka la Myahudi likipakwa rangi katika nchi iliyo mbali na vita, mwanafunzi wa Kiyahudi akilazimishwa kuilaani Israel ndipo akubaliwe katika klabu ya chuo, au sinagogi likichomwa moto kwa jina la Gaza, hapo siasa zimekwisha. Vivyo hivyo maneno yaliyosemwa zamani kuhusu Wayahudi, kwamba wanakunywa damu na wanaendesha serikali zote kwa siri, yakisemwa leo kwa kuweka neno "Wazayuni" (wanaounga mkono kuwapo kwa taifa la Kiyahudi) mahali pa neno "Wayahudi", hayajawa ukosoaji wa kisiasa. Jaribu kubadilisha neno hilo moja katika sentensi uone inabaki nini.

Mataifa na wataalamu wamejaribu kuuchora mstari huu kwa maandishi. Liko fasili lililopitishwa mwaka 2016 na Muungano wa Kimataifa wa Kukumbuka Holokosti, na liko Azimio la Yerusalemu la mwaka 2021 lililoandikwa na wasomi walioona kwamba fasili hilo linaweza kutumiwa kuzima ukosoaji halali. Wanabishana hasa kuhusu Israel, na mtu mwenye muda asome yote mawili. Kwa matumizi ya kila siku mimi hutumia swali moja tu: je, mtu huyu analaumiwa kwa alichokitenda, au kwa alivyozaliwa?

Swali hilo pia linaiweka mahali pake methali ya samaki mmoja akioza. Kwa samaki ni kweli, maana wamo katika kapu moja, lakini watu hawamo katika kapu moja.

Utasikia pia hoja kwamba Waarabu nao ni Wasemiti, hivyo hawawezi kuwa na chuki hii. Hoja hiyo inachezea neno la Kijerumani la chuki hii, Antisemitismus, lililoenezwa mwaka 1879 na mwanasiasa Wilhelm Marr, ambaye alitaka chuki yake isikike kama elimu. Hakuwalenga Waarabu wala Waamhara, ambao lugha zao pia ni za Kisemiti. Aliwalenga Wayahudi peke yao. Kiswahili kimetuepusha na utata huo, kwa kuwa tunasema moja kwa moja chuki dhidi ya Wayahudi.

Katika nyumba za ibada

Dini ikitumiwa kuhalalisha chuki, jibu linalosikika ni lile linalotoka ndani ya dini yenyewe. Mkristo anaweza kukumbusha kwamba Yesu, mama yake na mitume wake walikuwa Wayahudi, na kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulitangaza tarehe 28 Oktoba 1965 kwamba kifo cha Yesu hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Mwislamu anaweza kuikumbusha Sura ya Aal Imran, aya ya 113, isemayo kwamba Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, si wote sawa, na Hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume alisimama jeneza lilipopita, na alipoambiwa kuwa ni la Myahudi akauliza kama hiyo haikuwa nafsi. Usimkatize mhubiri mimbarini. Mwendee baadaye, ikiwezekana mkiwa wawili au watatu, mumweleze kwa heshima kilichowasumbua.

Kusimama na watu

Kukemea ni nusu ya kazi. Katika mji wa Billings, Marekani, Desemba 1993, jiwe lilirushwa kwenye dirisha la chumba cha mtoto wa familia ya Kiyahudi, kwa sababu dirishani kulikuwa na picha ya menora, kinara cha sikukuu ya Hanuka. Gazeti la mji likachapa menora ukurasa mzima, na maelfu ya familia zisizo za Kiyahudi zikaibandika kwenye madirisha yao, hata wenye mawe wasijue tena warushe wapi. Mjini Oslo, Norwei, tarehe 21 Februari 2015, wiki moja baada ya shambulio la sinagogi la Copenhagen, Denmaki, vijana Waislamu waliwaalika watu kushikana mikono mbele ya sinagogi la mji wao, na zaidi ya watu elfu moja wakaja. Januari ya mwaka huohuo, mshambuliaji alipoingia katika duka la vyakula vya Kiyahudi mjini Paris, Lassana Bathily, kijana Mwislamu aliyezaliwa Mali na aliyekuwa mfanyakazi wa duka hilo, aliwaficha wateja katika chumba cha baridi cha chini, akazima mtambo wa ubaridi na taa, kisha akatoka kuwasaidia polisi kwa kuwaeleza ramani ya jengo.

Wengi wetu hatutafikiwa na siku kama ya Bathily. Tutafikiwa na siku ya kupanga mtihani au mkutano tarehe ya Yom Kippur, siku takatifu ya Wayahudi ya toba na kufunga, ambapo mtu mmoja tu akikumbuka kuangalia kalenda ya sikukuu za Kiyahudi, mwenzake hatalazimika kuchagua kati ya kazi na ibada. Tutafikiwa na siku ambayo sinagogi la jirani limeandikwa matusi ukutani, na barua fupi ya pole au mkono wa kusaidia kusafisha ukuta utakumbukwa muda mrefu. Kwa tukio la namna hiyo, uharibifu na vitisho viripotiwe polisi, na ya kazini au shuleni yaandikwe kwa tarehe, mahali na maneno halisi yaliyotamkwa, kisha yapelekwe kwa anayehusika kwa maandishi.

Watoto wafundishwe zaidi ya mauaji. Mtoto anayekutana na Wayahudi kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika picha za kambi ya mauaji ya Auschwitz atawajua kama maiti tu. Aelezwe pia kwamba wako Wayahudi wa Ethiopia, wa Yemen, wa India na Abayudaya wa Uganda, kwamba wana sikukuu zao na vichekesho vyao, na kwamba wanabishana wao kwa wao kama watu wengine.

Ikiwa ulinyamaza

Utanyamaza siku moja, kwa hofu au kwa kushtukizwa, na usiku utayatunga majibu mazuri ambayo hayakuja yalipohitajika. Mlango haujafungwa. Kesho yake mwendee aliyesema, umwambie, "Jana ulisema jambo kuhusu Wayahudi nami nikanyamaza. Sikukubaliana nalo, na sikutaka udhani kwamba nilikubali." Kisha umtafute mmoja wa waliokuwapo, umwambie vivyo hivyo.